Idadi ya Watoto

Waraka wa kufunga mwaka ulifika Jumanne, siku moja baada ya Jamhuri, na Mathenge wa Theuri akauleta nyumbani ameukunja ndani ya koti kama mtu aliyeficha andazi. Wahadhiri wote wa lile tawi dogo la chuo kikuu, kule juu ya Kiganjo, walikuwa wamepata nakala zao asubuhi hiyo. Ulikuwa na kurasa nne, umeandikwa kwa Kiingereza kilichofunga tai. Ukurasa wa kwanza uliwatakia wote Krismasi njema. Wa pili ulieleza maktaba itafungwa lini, nani amepandishwa cheo, na kwamba kuanzia Januari ya sabini na nane chaki itatolewa kwa kutia sahihi. Wa tatu ulikuwa na kichwa chake, Misaada kwa Wahadhiri: muuguzi atakuja kila Alhamisi, taipureta moja itaazimwa kwa zamu, na mwenye shida yoyote amwone karani, Bwana Philemon Simiyu. Wa nne ulikuwa orodha ya nyumba.

Ngendo, mke wa Mathenge, aliusoma wote akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi. Alipofika ukurasa wa nne akarudi nyuma mstari mmoja, akasoma tena. Dkt. Mathenge T., Magonjwa ya Mimea. Watoto: hakuna. Ahamie chumba nambari sita, nyumba za makapera. Hao "hakuna" walikuwa mezani wakati huo huo, wanakula viazi vitamu na kugombania kile kikubwa.

"Baba Theuri," akasema, "hapa wameandika huna watoto."

Mathenge alikuwa anavua kofia. "Nimeona."

"Nani amewaambia?"

"Wametoa kwa fomu. Ile ya Novemba."

"Na hiyo fomu ilijazwa na nani? Na shetani?"

Mathenge alikwenda kunawa mikono kwenye karai, akanawa muda mrefu kuliko mikono inavyotaka, ingawa haikuwa michafu hata kidogo.

Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Cucu kwa kuwa ndiye nyanya, naye Mathenge akimwita Maitu, yaani mama, alikuwa ameketi karibu na moto akichambua maharagwe. Alitaka aelezwe karatasi inasema nini. Alipoelezwa, uso wake ulikunjuka.

"Wameandika hakuna? Basi wacha ikae hivyo," akasema. "Kitu mbaya ikikosa kujua kuna watoto, haiwezi kuja kuwatafuta."

Cucu alikuwa wa zamani, na wa zamani wa Kikuyu hawahesabu watoto wala mbuzi. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, atakwambia wako, nyumba imejaa. Hata kumi yenyewe hakuitamka; alisema tisa kamili, akaendelea na maneno yake. Ngendo alikuwa amefundisha shule ya misheni kabla ya kuolewa, na kila asubuhi alihesabu watoto arobaini kwenye rejista bila hata mmoja kupata mafua. Siku nyingine angecheka. Lakini hakuwa amecheka vizuri tangu Februari, mdogo wao, Wamae, alipochukuliwa na surua akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, wakamzika Giakanja kwenye shamba la Cucu. Tangu siku hiyo Ngendo alikuwa akiishi kama aliye ndani ya ukungu wa asubuhi. Watu aliwaona na sauti alizisikia, ila vyote vilimfikia vimelegea, na kuna siku alijikuta amesimama uani na kikapu cha nguo hajui kama anaanika au anaanua.

Waraka ule ndio uliomshtua akaamka. Chumba nambari sita, kwa wasio na watoto hata kama wana wake, kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Maana yake Mathenge abaki mlimani peke yake, naye Ngendo na watoto na Cucu warudi Giakanja, wawe wanaonana mwisho wa wiki. Na wao tayari walikuwa wanaongea kidogo. Waliongea habari za kuni na za maziwa. Aliona wazi, na akaogopa sana, kwamba nyumba yao ikigawanywa mwaka huu haitarudi kuwa moja. Orodha ingetiwa sahihi na mkuu wa tawi Ijumaa saa sita mchana, kisha ofisi zifungwe hadi mwaka mpya.

"Kesho nenda umwambie Simiyu amekosea," akasema.

"Nitaenda," Mathenge akasema, akiangalia karai.

*

Jumatano hakwenda. Alisema ana karatasi za mtihani za kusahihisha, akapita nyuma ya mikaratusi kuelekea shamba la majaribio. Saa nne badala yake akaja mgeni.

Alikuwa mwanamke mwenye miwani na sweta ya manjano, mkononi ameshika tepu ya fundi cherehani. Alibisha hodi kwa adabu nyingi. Akajitambulisha kuwa Daktari Tryphosa Katunge, mhadhiri mpya wa lishe kutoka upande wa Kitui, na kwamba orodha ilisema nyumba hii, nambari tisa, ni yake kuanzia Januari.

"Samahani mama, najua ni haraka," akasema. "Ni madirisha tu nataka kupima. Fundi wangu wa mapazia anasafiri Ijumaa."

Ngendo angeweza kumfungia mlango. Alimkaribisha, akaweka maji ya chai, kwa sababu hivyo ndivyo alivyolelewa, na mikono yake ikafanya kazi ya ukarimu huku moyo unamwaka. Alimshikia hata ncha ya tepu. Dirisha la sebuleni lilikuwa pana, limetengenezwa na mlowezi aliyependa kuutazama mlima, na asubuhi hiyo mlima haukuwapo. Palikuwa na weupe mtupu, na harufu ya maganda ya kahawa ikipanda kutoka kiwandani bondeni.

"Futi saba na inchi mbili," Katunge akasema, akaandika. "Na nyinyi mnahamia wapi? Nairobi?"

"Makapera."

"Wapi?"

Kabla Ngendo hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka na watoto wakaingia mbio. Mbele Theuri, mkubwa wao, amebeba bawa la ndege. Nyuma yake Waithira mdogo, aliyepewa jina la Cucu. Gathoni akilia kuhusu kiatu. Na Murugi wa mwisho kabisa, uchi kuanzia kiunoni kwenda chini, amefurahi. Walipomwona mgeni wakasimama. Katunge aliwatazama, akatazama tepu yake, akatazama orodha aliyoitia ndani ya daftari.

"Hawa ni watoto wa nani?"

"Wangu."

"Lakini hapa... ati Daktari Mathenge hana watoto."

"Hata mimi nimesoma hivyo."

Katunge akaketi bila kuambiwa. Alikuwa mwanamke mwema, na aibu ilimpanda hadi masikioni. Alikunywa chai yake haraka, akauliza kwa sauti ya chini kama bwana wa nyumba yuko sawa. Ngendo akasema yuko sawa. Kisha Katunge akaikunja tepu, akaaga. Njiani aligeuka mara mbili kutazama nyumba, na huruma yake ilimchoma Ngendo kuliko tepu ilivyomchoma.

*

Alhamisi Ngendo alimfuata mumewe shambani.

Shamba la majaribio lilikuwa mteremkoni, mistari ya mibuni yenye vibao vya namba, na ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba alisikia makasi ya Mathenge kabla hajamwona. Alitembea kati ya mistari kama mtu anayetembea usingizini, majani yakimlowesha sketi. Alimkuta ameinama juu ya mbuni wenye kutu ya majani, anakata tawi moja moja na kulitia kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko aliuandika namba. Alikuwa mtu wa kuhesabu siku nzima: majani, madoa, miti iliyopona, miti iliyokufa.

"Baba Theuri, hukwenda kwa Simiyu."

"Niko na kazi, Ngendo."

"Kesho saa sita wanafunga. Unataka nikae Giakanja na wewe ukae hapa? Sema tu. Kama umechoka na sisi, sema."

Makasi yalisimama. "Si hivyo."

"Basi ni nini? Mtu mzima, daktari wa chuo kikuu, anashindwa kuandika idadi ya watoto wake! Hata Murugi anajua kuhesabu."

Alikuwa amekasirika kweli, na hasira ilikuwa tamu baada ya miezi kumi ya kutosikia chochote. Lakini alipoutazama uso wa mumewe hasira ikamtoka. Mathenge alikuwa ameketi chini, kwenye udongo ulioloa, na suruali yake ya kazini.

"Mwaka jana niliandika," akasema. "Kulikuwa na fomu kama hii. Maitu alikuwa amekaa pale karibu na moto, akaniuliza unaandika nini. Nikamwambia wanataka idadi. Akaniambia usiandike, mtoto wangu, waambie tu wako. Nikamcheka. Nikaandika watano, namba kubwa, nikamwonyesha. Akageuza uso." Akafuta udongo kwenye makasi. "Hiyo ilikuwa Desemba. Februari..."

"Ilikuwa surua," Ngendo akasema. "Mtaa mzima ulikuwa na surua."

"Najua ilikuwa surua. Kwani mimi sijui ugonjwa ni nini? Nafundisha watu ugonjwa ni nini." Alikuwa akiongea polepole. "Novemba nilijaza fomu yote. Nikafika hapo. Nikiandika wanne, si nitakuwa nimekubali ameenda? Na nikishawaandika hao wanne, Ngendo, nani atanihakikishia? Niliweka kalamu chini. Nikajiambia nitamalizia kesho. Kesho Simiyu akaja kuchukua."

Ngendo aliketi karibu naye kwenye udongo. Kwa miezi kumi alikuwa akidhani mumewe hahisi kitu, maana hakumwona akitoa chozi hata siku ya mazishi, na kumbe alikuwa amebeba jambo hili peke yake, akiamka nalo na kulala nalo. Alimhurumia sana. Wakakaa hapo mpaka ukungu ukapanda juu ya miti.

*

Jioni, jua likiwa bado liko, Ngendo alimkuta Cucu uani akiwaita kuku.

"Cucu, mtoto wako anaamini amemuua Wamae kwa kalamu."

Mama mkwe haambiwi maneno kama hayo, na Ngendo hakuwa amewahi kumwambia maneno makali hata ya chumvi. Cucu aliendelea kumwaga mahindi.

"Nani alimwambia hivyo?"

"Ni wewe. Ulimkataza kuandika, akaandika, na mtoto akaenda. Sasa hawezi kuandika tena. Na asipoandika, kesho tunatolewa."

Cucu aliacha mkono juu ya kiondo cha mahindi. Kuku walimzunguka wakingoja. "Mimi sikumwambia ni yeye," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto alipokufa mimi sikusema kitu."

"Hukusema kitu. Ndiyo shida, Cucu. Alingoja useme si yeye."

Mzee huyo wa kike aliingia ndani, na chakula hakukila.

*

Ijumaa asubuhi mlima ulikuwa umetoka wote, na barafu yake ilikuwa karibu mno, ungedhani imesogezwa usiku. Ngendo na Mathenge walipofika kwenye lango walisikia nyayo nyuma yao. Cucu alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kujifunga leso safi, na watoto wote walikuwa naye, wamenawishwa nyuso kwa nguvu.

"Maitu, unaenda wapi?" Mathenge akauliza.

"Naenda na nyinyi."

Ofisi ya Simiyu ilikuwa chumba cha kulia chakula cha nyumba kubwa ya mlowezi, iliyogeuzwa kuwa ofisi, na dirisha lake lilifunguka kwenye nyasi. Palikuwa na foleni ya wahadhiri wenye malalamiko ya mwaka, mmoja anataka taipureta, mwingine hajui chaki yake imeandikwa kwa nani. Watoto waliachwa nje wacheze. Ndungu, mhadhiri wa historia, mtu wa mzaha usiojua pa kukoma, alimwona Mathenge akapiga kofi hewani.

"Daktari! Kumbe wewe ni kapera? Si ungetuambia tukutafutie msichana mapema!"

Foleni ikacheka. Mathenge naye akacheka, kile kicheko cha kumaliza maneno, na masikio yakamwaka. Ngendo alitamani ardhi imle Ndungu na viatu vyake. Cucu hakuelewa Kiingereza kilichochanganywa humo, lakini alimwelewa mwanawe, akamtazama tangu visigino hadi utosini kama anayemwona kwa mara ya kwanza baada ya safari.

Zamu yao ilifika saa tano na nusu. Simiyu alikuwa mtu mnene, mpole, kutoka upande wa Bungoma, na alionekana amekuwa akiwangoja.

"Daktari Katunge alipita hapa jana," akasema. "Amesema hawezi kuweka pazia kwa nyumba iko na watoto ya watu ndani. Yeye atachukua ile ya mabati huko chini. Kwa hivyo nyumba iko. Mimi sina shida na nyinyi hata kidogo. Shida ni hii tu."

Aliisogeza fomu mezani. Ilijazwa yote kwa mwandiko mzuri wa Mathenge, jina, kitivo, mke, na mbele ya maneno "idadi ya watoto" palikuwa peupe, pana nukta moja ya wino mahali kalamu ilipotua.

"Si mnajua mimi nawajua hao watoto? Huyo Theuri amevunja dirisha yangu. Lakini mkuu anataka iandikwe, na siwezi kujazia mtu fomu. Andika tu namba, Daktari. Saa sita naipeleka."

Mathenge alichukua kalamu. Aliishika juu ya karatasi. Ngendo aliona jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu, kwenye asubuhi ya baridi vile. Simiyu aliangalia pembeni kwa heshima.

"Nipe," Ngendo akasema, akaichukua kalamu mkononi mwake. "Mimi nitaandika."

"Ngendo, tafadhali," Mathenge akasema, akamshika kifundo cha mkono. Alimshika kama anayemzuia mtu ukingoni mwa shimo.

Ngendo alijitoa taratibu. Aliinama. Yeye wa rejista, yeye wa watoto arobaini kila asubuhi, alikuwa na namba tayari kichwani, namba moja tu. Ndipo mkono wake wenyewe ukakataa. Kuandika ile namba ilikuwa kumtoa Wamae nyumbani kwa mara ya pili, na mara hii kwa mkono wake mwenyewe. Aliiona nukta ya mumewe, akaielewa hadi ndani. Saa ya ukutani iligonga saa sita kasoro robo.

"Toka hapo," Cucu akasema.

Alimsogeza Ngendo kwa kiwiko, akapita mpaka dirishani. Nje, watoto walikuwa wametawanyika juani, kila mmoja na mchezo wake. Cucu alisimama akiwatazama kwa muda. Midomo yake ilikuwa imekauka, na ilionekana anaogopa; mtu yeyote mle ndani angeliona hilo. Kisha akainua mkono, akanyoosha kidole cha shahada, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwa mtoto wa mtu, na akaanza kuhesabu kwa Kikuyu, kwa sauti, chumba kizima kikimsikia.

Mmoja, akasema, kidole kikiwa juu ya Theuri aliyekuwa amening'inia kwenye ua. Wawili, juu ya Waithira mdogo, yule mwenye jina lake. Watatu, Gathoni. Akashika fremu ya dirisha kwa mkono wa pili. Wanne, akasema, na kidole kikakaa juu ya Murugi aliyekuwa akila nyasi.

Akageuka. Alimtazama Mathenge, si karani.

"Ilikuwa surua," akamwambia mwanawe. "Si wewe uliyeiita. Mimi ningekwambia hiyo maneno zamani. Niliogopa, nikanyamaza, na nimekukosea."

Mathenge aliketi kwenye benchi la wageni, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi na Ndungu amesimama kizingitini bila mzaha wowote. Ngendo akaketi karibu naye, naye akalia.

Cucu aliikaribia meza. Kwa Simiyu alitumia Kiswahili, kile kidogo alichokipata sokoni.

"Iko wanne," akasema. "Na ingine moja iko Giakanja, Wamae. Huyo pia ni yao, rakini hataki nyumba. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi andika mbele yangu. Na kama iko kitu itakuja, ikuje kwangu. Ni mimi nimehesabu."

Simiyu akachovya kalamu, akaandika.